Kinu cha Baba Mkwe

Shangazi yangu hadi leo anaamini siku moja nitapata kazi ya maana. Sibishani naye. Natengeneza mchezo wa kompyuta, mimi na bosi na mchoraji, katika chumba kilicho juu ya duka la vipuri vya magari. Feni inazunguka inapojisikia. Dirisha moja lilipakwa rangi likiwa limefungwa na halijafunguka tangu hapo. Wanaocheza mchezo wetu ni watu ambao sitawahi kuwaona, na kwa jinsi wanavyoniandikia, nashukuru.

Mchezo wenyewe hauna adui, hauna pointi, hauna kushinda. Ni skrini nyeusi, na pembeni vitu vya kuchagua: mchanga, maji, moto, chuma, mafuta, barafu. Unachagua, unamwaga, unatazama kitakachotokea. Kila nukta kwenye skrini ni chembe, na chembe inajua mambo mawili tu: yenyewe ni nini, na jirani yake ni nani. Maji yakikutana na moto yanakuwa mvuke. Mafuta yakikutana na moto, shauri yako. Tabia hizo zote naziandika mimi. Chembe haijui kitu mpaka niiambie, na nikiiambia vibaya itafanya vibaya kwa utii kabisa, bila hata kuguna. Nazipenda kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Bosi ndiye aliyetaka kitu chenye mionzi. "Watu wanataka kujenga vinu vya nyuklia," alisema, akidondosha maganda ya karanga kwenye kibodi yangu. Bosi wetu ni mtu mwema, ila kula hajui. Basi nikaandika kitu kipya, mchoraji akakipa rangi ya kijani inayowaka, tukakiita kimulimuli. Chembe ya kimulimuli ikipasuka inatoa joto na kurusha vipande, na mara mojamoja kipande kikimgonga jirani, naye anapasuka. Swali likawa: ipasuke lini? Nikaipa kila chembe umri wake, kama tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya maziwa. Unaimwaga, inakaa baridi, imetulia tuli, muda wake ukifika inapasuka. Zilizomwagwa pamoja zinapasuka pamoja, pwaa! Ilipendeza machoni. Bosi akapiga makofi, tukaitoa.

Wa kwanza kunitukana kwa ajili ya kimulimuli alikuwa baba mkwe wangu, na siku hiyo nilijifungia chooni nikalia kwa furaha. Ngoja nieleze.

Mzee alihamia kwetu baada ya kupatwa na kiharusi. Maisha yake yote alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kituo cha kuzalisha umeme, mtu wa kusoma vipimo na kugombeza vijana waliochelewa. Kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno karibu yote. Siku tulipomtoa hospitali, wauguzi walitangulia naye mbele kwenye kiti cha magurudumu, na daktari akatuvuta mimi na mume wangu pembeni, koridoni. Alisema kiharusi cha pili kinaweza kuja. Kinaweza kuja kesho, kinaweza kisije kabisa. Dawa zitapunguza hatari, hazitaiondoa. Na ule mkono na ule mguu, asivitegemee sana. "Mwambieni taratibu," alisema. "Ila msimpe mshtuko."

Mume wangu alisikia hilo la mwisho tu. Ni fundi wa majokofu. Jokofu likinguruma atakwambia ugonjwa wake, lakini baba yake akinguruma yeye anatetemeka. Pale pale koridoni tukala njama: tutamwambia anapona. Kuanzia hapo nyumba ikawa ya kunyata. Habari za vifo hazikusemwa. Mechi zilizokwenda mikwaju ya penalti zilizimwa. Jirani mmoja akafa na sisi tukasema amehama.

Mzee akaamini. Kila alichokitaka alikiwekea "nikipona". Wifi yangu, mwanawe wa kwanza, anaishi mbali, na kila wiki alipiga simu kuomba aje. Mzee alikuwa akitikisa kichwa simu ikiwa bado sikioni, halafu kwa shida anasema, "Usije. Nikipona." Hakutaka mwanawe amwone akifutwa mdomo. Alitaka kumpokea mlangoni akiwa amesimama. Wifi akawa anatuuliza sisi pembeni, "Hali yake kweli inaendelea vizuri?" nasi tunasema ndiyo, vizuri sana. Mume wangu alikuwa akisema hivyo huku amefumba macho.

Wakati huo Mzee alikuwa hasemi zaidi ya hayo. Anakaa kwenye kiti chake sebuleni, anautazama ukuta. Ukuta wenyewe hauna hata picha. Asubuhi moja niliacha kompyuta wazi mezani karibu naye nikaenda kuepua chai. Niliporudi, mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye kipanya na skrini imejaa kimulimuli, mvuke na moto. Akageuka kunitazama.

"Nani," akasema, halafu akapumzika. "Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi, baba."

"Hakuna... breki."

Ndiyo hapo nilipokimbilia chooni.

Tangu siku hiyo hakutazama ukuta tena. Alijifunza mchezo wangu kuliko nilivyoujua mimi, na maneno yakaanza kumrudia, mengi yao ya kunikosoa. Akajenga kinu. Sijawahi kuona kitu kama kile kwenye mchezo wetu, na nimeona watu wasio na kazi wakijenga mambo ya ajabu. Kwa kuwa kimulimuli kilichomwagwa kilikaa baridi kwa muda unaojulikana na kupasuka chote kwa mara moja, alikipanga kwa zamu, kama watu. Chumba cha kwanza kinapumzika, cha pili kinafanya kazi, cha tatu kinasafishwa kwa maji. Joto linachemsha maji, mvuke unazungusha gurudumu, umeme unawasha taa za mji mzima aliouchora juu yake, nyumba kwa nyumba, kwa mkono wa kushoto. Chumba cha kupumzikia hakikuwa na maji wala mabomba. Ya nini, na wakati mle ndani kuna baridi?

Wachezaji wetu wana baraza lao mtandaoni, wanapeana picha na kejeli. Mzee akaingia. Akawa anaandika kwa kidole kimoja, sentensi fupi fupi. Wakamwita Mzee wa Kinu. Vijana wa sehemu ambazo hata sizijui wakawa wanamuuliza namna ya kupanga mabomba, naye anawajibu kwa ukali, na wanapenda. Akifungua kompyuta asubuhi alikuwa anajiweka sawa kwenye kiti na kufunga kifungo cha shati cha juu. Mume wangu alikuwa akisimama mlangoni anamtazama, halafu anakwenda kazini akipiga mluzi.

Kisha mwalimu mmoja wa fizikia akaniandikia.

Ulikuwa ujumbe mrefu wenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonikera kwanza. Alisema kimulimuli changu kizuri lakini si cha kweli. Chembe yenye mionzi haizeeki, aliandika. Iliyokaa miaka elfu na iliyotengenezwa leo asubuhi zina nafasi ileile ya kupasuka sasa hivi. Haina tarehe ndani yake. Hakuna foleni. Kinachojulikana ni cha rundo zima: baada ya muda fulani nusu imekwisha, muda uleule ukipita tena nusu ya iliyobaki, na kuendelea. Ila ukimnyooshea kidole mmoja wao na kuuliza yeye ni lini, hakuna awezaye kukujibu.

Nikamsema vibaya kwa sauti, mpaka mchoraji akavua vipokea sauti vyake masikioni. Nikasoma tena. Alikuwa sahihi, na hilo likanikera zaidi.

Kurekebisha hakukuwa kazi. Nilifuta umri. Nikaandika kwamba kila pigo la saa ya mchezo, kila chembe irushe kete yake. Ikitoka namba mbaya inapasuka, isipotoka inakaa kama imezaliwa sasa hivi. Nikamwaga rundo nikatazama. Huku moja inawaka, kule nyingine, halafu kimya, halafu mbili karibu karibu, halafu kimya tena. Hatimaye kilifanana na jina lake. Nilikitazama kwa muda mrefu na moyo ukanitulia. Ni mara chache nafanya kitu nikakiona ni sawasawa.

"Hii inatoka wiki ijayo," bosi alisema nyuma yangu, akitafuna. "Vinu vyote vya watu vitalipuka. Watafurahi kweli."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee. Rundo lile lingekaa kwenye chumba cha kupumzikia, lisingepumzika hata kidogo. Lingeanza kuwaka tangu linapomwagwa, joto lingepanda mle ndani pasipo na maji, ukuta ungeyeyuka, na mji wote juu yake ungekwenda na mvuke.

Nilimwambia mume wangu jikoni wakati namenya vitunguu, ili nikilia ijulikane ni vitunguu.

"Usikiguse kinu chake," alisema papo hapo.

"Sikigusi. Toleo jipya likiingia, chenyewe kitapasuka."

"Basi lisiingie."

"Wenzake wote watakuwa nalo. Ataona namba ya toleo kwenye kona ya skrini. Yule hata namba ya kwenye kiberiti anaisoma."

Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akashika tama. "Mke wangu," akasema, "daktari alisema nini kuhusu mshtuko? Kile kinu ndicho kinachomwamsha. Aamke asubuhi akute kimelipuka, halafu na yeye..." Hakumaliza. Mume wangu ni mtu mzima mwenye mabega mapana, na pale kwenye ndoo alionekana mdogo. Nilimwonea huruma. Pia, niseme kweli, niliogopa kama yeye. Nilikuwa nimeshazoea kugombezwa kila asubuhi.

Basi nikafanya. Kwenye ile kompyuta niliyokuwa nimemwachia Mzee niliuzuia mchezo usipokee toleo jipya, kisha nikaibadilisha namba ya kwenye kona isomeke kama mpya. Kazi ya muda mfupi sana. Kimulimuli chake kikabaki na tarehe ya maziwa, kikivaa namba ya kimulimuli cha kweli.

Toleo likatoka, na baraza likawa msiba na harusi kwa pamoja. Picha za vinu vilivyopasuka zilimiminika. Watu walikuwa wanalaani na kucheka, na wengine wakaanza kujenga upya siku hiyohiyo. Mzee alifungua kinu chake mbele yangu. Akangoja, kidevu juu. Chumba cha kwanza kikapumzika, cha pili kikafanya kazi, cha tatu kikasafishwa. Taa za mji ziliwaka.

"Mh!" akasema. Nilikuwa sijamwona akitabasamu pande zote mbili tangu augue, na hata siku ile upande mmoja ulichelewa.

Akaandika barazani, herufi moja moja: Changu kimesimama. Kinu chenye mpangilio hakilipuki. Jifunzeni kupanga zamu.

Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nikaenda kazini.

Mchana, chini ya feni, nikalifungua baraza. Walikuwa wamemshangilia. Walikuwa wamemwomba faili ya kinu ili wajifunze, naye akaituma, maskini, hakuwa na cha kuficha. Wa kwanza aliyeifungua akaandika: Kimelipuka. Wa pili: Hata kwangu, chumba cha kwanza tu, bum. Kisha wengine, mmoja baada ya mwingine. Mzee akawajibu kwamba wamekosea kitu. Akawajibu tena, kwamba wanasema uongo. Halafu mmoja wao, mcheshi wa baraza anayejiita Tindikali, akauliza kama yeye ni Mzee wa Kinu au Mzee wa Chumvi, na chini yake watu wamecheka, wamecheka, wamecheka. Baada ya hapo Mzee hakuandika kitu.

Nikainamia meza. Bosi akaniuliza kama nimekula. Yeye kila jambo analielekeza huko.

Siku zilizofuata Mzee alikaa na kompyuta imefunikwa. Kifungo cha juu kiliachwa wazi. Mume wangu akasema labda amechoka, apumzike, na nikamtazama mpaka akaondoka chumbani. Wifi alipopiga simu, Mzee hakusema hata "nikipona". Aligeuza uso pembeni, nikamwambia wifi kwamba amelala.

Jumamosi alasiri aliniita. Si kwa jina la heshima analoniita kila siku, "mama". Aligonga meza kwa kiganja.

"Kaa."

Nikakaa. Kwenye skrini hapakuwa na kinu. Palikuwa na sakafu tupu ya chuma aliyoichora, nyoofu. Akamwaga kimulimuli kidogo, kiasi cha chumvi ya mboga.

"Tunangoja," akasema.

Tukangoja. Rundo likakaa pale, kijani, kimya. Nje mtu alikuwa anapiga honi bila sababu. Kisha rundo lote likapasuka kwa pamoja.

"Umeona?"

"Nimeona, baba."

"Za wenzangu zinakwenda mojamoja. Nimetazama picha zao." Alikuwa anasema taratibu, akilipumzisha kila neno. Akaweka kidole kwenye kona ya chini. "Namba yao na namba yangu ni moja. Nani kaichezea?"

Ningeweza kusema ni hitilafu. Hitilafu ndiyo neno letu la kujifichia, na watu huliamini.

"Mimi, baba."

Hakunipandishia sauti, na heri angenipandishia. "Umechezea kipimo," alisema. "Kituoni kwetu, mvivu nilimgombeza. Mlevi nilimrudisha nyumbani. Aliyechezea kipimo alitoka getini na nguo alizovaa. Unajua kwa nini? Aliye zamu anakiamini anachokisoma. Hana kingine cha kuamini." Akapumua. "Mimi nimewaita watu waongo. Nimewaambia wao ndio hawajui kupanga. Nimewaambia hivyo kwa sababu ya namba yako."

"Nisamehe, baba."

"Ulitumwa?"

Mume wangu alikuwa ameingia, mkoba wa vifaa bado begani, na amesikia. Ana kasoro zake lakini kunitupa mkono si mojawapo. "Mimi ndiye niliyemwomba," akasema. "Baba, tuliogopa. Daktari alikataza usipate mshtuko."

"Lini?"

"Siku tulipokutoa hospitali."

"Nilikuwepo siku hiyo."

"Ulikuwa umetangulia na wauguzi. Sisi tulibaki koridoni."

Mzee aligeuza kiti kidogo kwa mguu ulio mzima, akamkabili mwanawe. "Koridoni," akasema. "Na kingine alichosema huko koridoni ni kipi?"

Mume wangu akanitazama. Akatikisa kichwa kidogo sana, kidogo cha kuonwa na mke tu. Usiseme. Namjua huyu mtu, najua angeubeba mzigo ule mpaka umwangushe, na angeona ndiyo heshima kwa baba yake. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona namba yangu ilivyomfanyia Mzee. Nikapiga moyo konde.

"Alisema kinaweza kuja kingine, baba," nikasema. "Kiharusi. Dawa zinapunguza, haziondoi. Na mkono na mguu, alisema usivitegemee."

Mume wangu alitoa sauti kama mtu aliyejikwaa. Akauweka mkoba chini, akapiga hatua kuelekea kwa baba yake akiwa amenyoosha mikono, tayari kumdaka.

Mzee hakuanguka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Lini?"

"Hakusema. Hakuna anayejua. Labda kesho, labda kisije kabisa."

"Kwa hiyo hakuna tarehe."

"Hakuna, baba."

"Kama hizi zako."

Mzee aliutazama mkono wake wa kulia uliolala pajani, akauinua kwa ule wa kushoto, akauweka mezani, akautazama tena.

"Baba," mume wangu alisema, sauti imemkatika, "tulitaka upone kwanza, ndipo tukwambie."

"Mnataka nipone kwanza," Mzee alisema, "ndipo mniambie sitapona?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, kilinitoka tu, na nikauziba mdomo kwa mikono yote miwili, na nyuma ya mikono ile nikawa nalia. Mzee alinitazama kwa dharau kidogo, kama zamani anaponikuta nimepanga mabomba vibaya. Kisha akaisukuma kompyuta upande wangu.

"Weka toleo la kweli."

"Baba, si leo," mume wangu akasema.

"Leo."

Nililiweka. Niliirudisha namba ya kweli kwenye kona yake, nikafungua kinu, nikamwachia kipanya. Akamwaga zamu ya kwanza kwa mkono wa kushoto, pole pole, kama alivyofanya kila asubuhi. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, ameshika kifundo cha mkono wa baba yake akitafuta mapigo ya moyo, na hajui hata mapigo yanatafutwa wapi.

Chembe moja ikawaka. Nyingine. Ndani ya chumba cha kupumzikia kijani kikaanza kugeuka chekundu, ukuta ukalegea, ukatoboka. Mvuke ukapanda ukichukua gurudumu, mabomba, nguzo. Mji uliwaka wote kwa mara moja, ukazima mtaa kwa mtaa. Ikabaki skrini ya kijivu, na chembe chache za kimulimuli zilizosalia chini, zikipasuka moja hapa, moja pale, kila moja kwa wakati wake.

Mzee alitazama mpaka mwisho bila kupepesa.

"Ukuta wa kushoto ndio ulioanza," alisema. Halafu akamwambia mwanawe, "Niachie mkono. Unaniumiza."

Mume wangu akauachia. Akabaki amepiga magoti, paji la uso limeegemea mkono wa kiti, mabega yanamtikisika. Nilidhani nimekasirika naye; kumbe nilikuwa nampenda tu, na nimechoka. Mzee alimwekea kiganja kichwani, akakiacha pale, na nje ile honi ikaacha kupigwa.

"Mpigie dada yako," akasema.

"Baba, tulia kwanza. Nitampigia baadaye, nitamweleza mwenyewe..."

"Utamweleza nini? Mpigie. Sasa."

Mume wangu akajifuta uso kwa mkono wa shati, akatoa simu, akapiga. Mzee akainyakua kabla hata haijaita vizuri, akaibana sikioni kwa ule mkono wake mmoja, akasema, "Ni mimi." Tulikuwa kimya kiasi kwamba sauti ya wifi ilisikika mpaka nilipokaa. Alianza kwa woga, kama kila anapoona namba yetu. Shikamoo, baba. Kuna nini? Kisha, haraka, kwa furaha, kwa sababu kwa muda mrefu baba yake hakuwahi kumpigia yeye kwanza: "Umepona?"

"Hapana, mwanangu," Mzee alisema. "Sijapona. Njoo hivyohivyo."